Mashine Haijafa, Amri Imenyakuliwa Njiani

Katika shule yetu kuna neno moja ambalo limetumika mno tangu muhula uliopita, nalo ni neno "mbovu". Kompyuta ya pili kutoka dirishani ni mbovu. Ile iliyo chini ya saa ya ukutani ni mbovu. Kibodi ya meza ya nyuma ni mbovu. Mtu akibonyeza vitufe viwili akitaka kuhifadhi kazi yake, na kazi isihifadhike, husukuma kiti nyuma, hunyoosha mkono na kutamka hukumu hiyo. Kisha mashine hufunikwa kitambaa, na sisi tuliobaki husongamana katika zile chache zinazosalia.

Nathubutu kusema katika ukurasa huu kwamba nyingi katika mashine hizo si mbovu hata kidogo. Tena nathubutu kusema la pili, ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wakubwa wangu: ile kanuni inayotukataza wanafunzi kugusa mipangilio ya kihariri ndiyo inayozidisha hasara hii, na yafaa ibadilishwe.

Asidhani msomaji kwamba hili ni jambo dogo. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 20, na sisi wa kidato cha nne tunaosoma somo hilo tu wanafunzi 42. Mashine zote zikiwa kazini, karibu kila moja hukaliwa na wanafunzi wawili. Mwisho wa muhula uliopita mashine 6 zilikuwa chini ya kitambaa, zikabaki 14, basi tukawa watatu watatu. Vipindi vyetu viwili mfululizo ni dakika 80. Wawili wakigawana, kila mmoja hupata dakika 40. Watatu wakigawana, hakuna anayefikisha 27. Na mtihani wa taifa ulio mbele yetu una karatasi ya vitendo. Msimamizi hatauliza ni nani alikaa pembeni akitazama vidole vya mwenzake. Bandu bandu huisha gogo, na dakika zetu nazo zinakatwa vivyo hivyo.

Kwanza yatupasa kuelewa jambo lenyewe. Njia ya mkato ya kibodi ni mapatano tu. Hakuna kitu ndani ya herufi S kinachohifadhi kazi ya mtu. Ni mapatano baina ya programu na mtumiaji kwamba Ctrl ikishikwa pamoja na S, faili ihifadhiwe. Mapatano ya namna hii yana historia yake. Bwana Larry Tesler na wenzake, waliofanya kazi katika maabara ya Xerox kule California katika miaka ya 1970, ndio waliobuni utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika maandishi kama tunaoutumia leo. Kompyuta za Apple za miaka ya 1980 zikaufunga utaratibu huo kwenye herufi X, C na V, zinazokaa pamoja upande wa kushoto wa kibodi, na Z iliyo jirani yao ikawa ya kutengua lililofanywa. Dunia ikafuata. Lakini palipo na mapatano mengi hapakosi magomvi. Herufi ni 26 tu, na programu ni nyingi, na kila moja inadai sehemu yake.

Fikirini habari ya barua ya ruhusa. Mwanafunzi anayetaka kwenda hospitali humpa kiranja wa bweni barua yake. Kiranja humpelekea matroni. Matroni humpelekea mwalimu wa zamu. Na mwalimu wa zamu humpelekea Makamu wa Mkuu wa Shule. Barua isiporudi, mwenye akili hasemi kwamba kalamu aliyoandikia ni mbovu. Huuliza imekwama kwa nani.

Amri ya vitufe nayo hupita mikononi mwa wengi. Huanza katika kibodi yenyewe. Kutoka hapo hupokelewa na mfumo wa uendeshaji, yaani Windows au Linux. Katikati ya safari huweza kupita kwa programu ndogo inayoshughulikia herufi na lugha. Ndipo humfikia kihariri, na ndani ya kihariri kuna viendelezi ambavyo navyo vina madai yao. Yeyote katika hao aweza kuizuia, au kuitumia kwa kazi yake mwenyewe bila kutuambia. Maana yake ni kwamba swali la kwanza si "Mashine imeharibika nini?" bali ni "Amri yangu imechukuliwa na nani?"

Nitatoa mifano, na yote ni ya mambo yanayotokea katika vyumba vya kompyuta kama chetu.

Moja katika zile mashine sita ilifunikwa kwa sababu kibodi yake haikuandika kitu ila mtu akikandamiza kitufe kwa muda mrefu. Ililetwa kibodi nyingine mpya, nayo ikafanya vilevile, ikaitwa mbovu siku ya kwanza. Hapo ndipo tungejiuliza: je, kibodi mbili zaweza kuugua ugonjwa mmoja katika meza moja? Katika Windows upo msaada uliowekwa kwa ajili ya watu wenye mikono inayotetemeka, ambao hupuuza mguso wa haraka. Huamshwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Mtu akipumzisha kidole hapo huku akifikiri, swali hujitokeza kwenye kioo, naye akilikubali bila kulisoma, kibodi huonekana imekufa. Upo ndugu yake, unaojitokeza Shift ikibonyezwa mara 5 mfululizo, ambao hufanya vitufe vya Shift na Ctrl vibaki kama vimeshikwa. Misaada yote miwili ni mizuri kwa wanaoihitaji, na huzimwa katika mipangilio kwa nusu dakika. Fedha ya kibodi ile mpya ilitoka katika michango ya wazazi.

Mfano wa pili huchekesha. Kihariri tunachotumia kuandikia kurasa za HTML ni Visual Studio Code, ambacho kampuni ya Microsoft ilikitangaza mwaka 2015 na hutolewa bure. Katika Windows, ukishika Ctrl na Alt ukabonyeza mshale wa chini, kihariri hukupa alama ya pili ya kuandikia katika mstari unaofuata, ili uandike mistari miwili kwa mara moja. Lakini kompyuta nyingi za zamani zenye programu ya michoro ya Intel hutumia vitufe hivyo hivyo kupindua kioo juu chini. Mwanafunzi anataka mstari wa pili, anaona kurasa zimesimama kwa kichwa! Wenzake hupiga kelele, na mashine hufunikwa. Dawa yake ni Ctrl, Alt na mshale wa juu, kioo kikarudi mahali pake. Kisha katika mipangilio ya programu ile ya michoro madai hayo hufutwa kabisa.

Katika mashine zetu za Linux mnyang'anyi ni mwingine. Ndani ya Visual Studio Code, Ctrl na nukta huleta mapendekezo ya kusahihisha kosa. Katika baadhi ya mashine za Linux, ukibonyeza hivyo huletewa herufi e yenye mstari chini yake, na hakuna pendekezo lolote. Hiyo ni kazi ya IBus, programu inayopokea herufi na lugha, ambayo imeviweka vitufe hivyo kwa ajili ya kuchagulia vile vipicha vya nyuso. Kihariri hakina hatia, maana barua haikumfikia. Unafungua mipangilio ya IBus, unaondoa dai lake, na mambo yanakwisha.

Tena iko ile inayowatia watu hofu kuliko zote. Mtu aliyezoea kuhifadhi kazi kwa Ctrl na S huingia katika dirisha jeusi la terminali, akabonyeza vivyo hivyo kwa mazoea. Mara kila kitu husimama. Anaandika, hakionekani kitu. Anazima mashine kwa kitufe cha umeme, na kazi iliyofunguliwa katika madirisha mengine inapotea. Kumbe terminali nyingi zimerithi desturi ya mashine za zamani za kupokea maandishi kwa waya, ambazo alama ya Ctrl na S maana yake ilikuwa "simama kwanza", na Ctrl na Q maana yake "endelea". Angebonyeza Ctrl na Q, maandishi yake yote yangejitokeza.

Hata pale amri inapomfikia kihariri, yapo ya kuangalia. Jambo la kwanza ni mahali uliposimama. Amri nyingi hufanya kazi ikiwa alama ya kuandikia iko ndani ya maandishi. Kama umebonyeza upande wa orodha ya mafaili, amri ile ile huwa na maana nyingine au haina maana yoyote. La pili ni amri za hatua mbili. Ukibonyeza Ctrl na K, Visual Studio Code hukaa kikisubiri kitufe cha pili, na maneno ya kusubiri huandikwa chini kabisa ya dirisha. Asiyeyasoma husema kitufe kilichofuata ni kibovu. La tatu ni viendelezi. Yupo mtu aliyeweka kiendelezi kinachoiga kihariri cha Vim, ambacho asili yake ni vi, kilichoandikwa na Bwana Bill Joy mwaka 1976. Katika desturi ya Vim, Ctrl na F husogeza ukurasa mbele. Basi anayekuja baada yake akitaka kutafuta neno kwa Ctrl na F, huona ukurasa unamkimbia.

Kihariri chenyewe kiko tayari kutuambia ukweli tukikiuliza. Bonyeza Ctrl na K, kisha Ctrl na S, utaletewa orodha ya njia zote za mkato. Juu ya orodha hiyo kuna kitufe kidogo chenye picha ya kibodi. Ukikibonyeza kisha ukabonyeza vitufe unavyovishuku, orodha hubakiza wale tu wanaovidai. Ukiona majina mawili mbele ya vitufe vile vile, yawezekana sana umemwona mgomvi wako, ila usisahau kutazama sharti la kila mmoja, maana wawili waweza kugawana vitufe kwa amani ikiwa kila mmoja ana mahali pake. Ikiwa bado hujaridhika, fungua kisanduku cha amri kwa Ctrl, Shift na P, andika maneno "Keyboard Shortcuts Troubleshooting", na tangu hapo kila kitufe utakachobonyeza kitaandikiwa taarifa: kimepokelewaje, na kimepelekwa kwa amri gani. Taarifa isipoandikwa kabisa, jua kwamba amri ilinyakuliwa kabla ya kufika mlangoni kwa kihariri.

Liko jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui. Kihariri hiki husoma kanuni za vitufe kutoka chini kwenda juu, na kanuni ya kwanza inayofaa ndiyo inayoshinda. Zile za mtumiaji huwekwa chini ya zile za asili, ndiyo sababu zina nguvu kuliko za asili. Zimeandikwa katika faili moja ndogo iitwayo keybindings.json. Mwenye faili hilo anaweza kulinakili leo na kulirudisha kesho kama lilivyokuwa.

Hapa nafika kwenye kanuni yetu. Najua hoja ya walimu, nayo si ya kubeza. Mwaka juzi mtu fulani alibadili mpangilio wa kibodi kutoka wa Marekani kwenda wa Uingereza, na asubuhi yake darasa zima likashindwa kuingia, kwa kuwa neno la siri lilikuwa na alama ya @. Katika mpangilio wa Marekani alama hiyo hupatikana kwa Shift na 2. Katika ule wa Uingereza Shift na 2 huleta alama za kunukuu, na @ huwa mbali, upande wa kulia. Kipindi kizima kilipotea, na tangu siku hiyo mipangilio ikapigwa marufuku.

Lakini na tuitazame marufuku hiyo kwa haki. Je, imewazuia watundu? Mtundu hasomi matangazo ya mlangoni. Aliyezuiwa ni yule mtiifu ambaye angeweza kutengeneza, kwa sababu Windows yenye mipangilio miwili hubadilisha kutoka mmoja kwenda mwingine kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi. Kazi ya sekunde moja! Badala yake walikaa wanafunzi 42 wakimngoja fundi kutoka mjini. Aidha, makosa mengi niliyoyataja hayakuletwa na utundu. Yaliletwa na kidole kilichopumzika mahali pasipo pake, na kidole hakijui marufuku.

Wengine husema dawa ni kuzima na kuwasha. Sikatai, mara nyingine husaidia. Lakini aliyepona kwa kuzima na kuwasha hajui alichokuwa akiugua, na kesho ugonjwa hurudi naye hana la kufanya ila kuzima tena. Sisi tumeletwa shule ili tujue sababu za mambo. Katika maabara ya kemia mwalimu hatukubalii tuseme "rangi imebadilika" tukaishia hapo. Hutuuliza kwa nini, na hutufundisha kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ili tujue kipi kimeleta badiliko. Kwa nini desturi hiyo njema ikome katika mlango wa maabara, isivuke ua kuingia chumba cha kompyuta?

Basi naomba mambo matatu.

La kwanza, kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza afundishwe maswali matano kabla hajaruhusiwa kutamka neno "mbovu". Kitufe kinafika? Fungua kibodi ya kwenye kioo, katika Windows ni kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na O, ubonyeze kitufe unachokishuku uone kama kinawaka. Ni programu hii tu, au ni zote? Alama yangu ya kuandikia imesimama wapi? Nani mwingine anavidai vitufe hivi? Ni nini kilichobadilika tangu mashine ilipofanya kazi vizuri? Anayejibu matano hayo kwa uaminifu, mara nyingi atakuwa ameshapata dawa kabla hajafika mwisho.

La pili, liwekwe daftari chumbani. Kila hitilafu iandikwe: tarehe, namba ya mashine, kilichoonekana, sababu iliyopatikana, na kilichofanywa. Wakati huu kila darasa linaanza upya, na tulichogundua sisi tutaondoka nacho mwezi wa Novemba. Daftari litabaki.

La tatu, wachaguliwe wanafunzi wawili katika kila mkondo, waruhusiwe kufungua mipangilio mbele ya mwalimu, na nakala ya mipangilio ya asili iwekwe mahali salama. Wakikosea, nakala irudishwe. Viranja wa jikoni hukabidhiwa ufunguo wa stoo ya unga, na unga ukiliwa haurudi. Faili la mipangilio hurudi.

Kwa wazazi wetu nina neno moja. Mkiambiwa katika mkutano kwamba zahitajika fedha za kibodi mpya, ulizeni kwa heshima kama zile za zamani zimechunguzwa. Kuuliza si ujinga. Shilingi itakayookolewa hapo yaweza kununua betri ya kutulinda umeme unapokatika, na hicho tunakihitaji kweli.

Na kwa wanafunzi wenzangu, hasa ninyi mtakaobaki: katika mashine zile sita, nne zimekwisha rudi kazini muhula huu, baada ya mwalimu wetu wa somo kukubali tuzichunguze pamoja naye siku mbili za Jumamosi. Hatukununua hata msumari. Mbili zilizobaki ni mbovu kweli, moja kioo chake kimepasuka na nyingine haipokei umeme, na hizo ndizo za kumwitia fundi. Sasa tunajua tofauti, na dakika 80 za kila juma zimeanza kuturudia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne